Askari wa Daraja na Mama Mkwe Wake

Niliwahi kumwona Johana arap Kemboi akisimamisha jeneza. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu akiniuliza huyo askari alikuwa mtu wa namna gani. Lori lililompeleka marehemu kwao halikuwa na taa ya nyuma, na waombolezaji walikuwa wamekaa juu ya kingo zake, miguu ikining'inia nje. Johana alivua kofia kwa ajili ya marehemu, akasimama kimya kidogo, akaivaa tena, kisha akamshtaki dereva kwa taa na kwa miguu. Waombolezaji walimtukana kwa Kikipsigis na kwa Kikuyu. Yeye akawashika mikono kuwasaidia kushuka.

Mimi ni Nyathira, mke wa Ephantus Thuo mwenye lori la kabichi na mahindi, na mwaka ule wa hamsini na moja nilikuwa na hoteli ya mabati kando ya daraja la mbao, kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kericho. Watu waliniita Mama Irungu kwa jina la kifungua mimba wangu. Dirisha la mbele la hoteli liliangalia daraja, na ukuta wa nyuma uliangalia majani chai, kijani mpaka macho yachoke. Alasiri mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha barabara iligeuka uji mwekundu. Hivyo sikukosa wateja waliokwama, na mteja aliyekwama hunywa chai bila kuuliza kwa nini maziwa ni kidogo.

Daraja lenyewe lilikuwa jembamba. Gari moja lilipita, jingine likingoja, na hakuna gari lililoruhusiwa kusimama juu yake. Siku za soko malori ya majani chai yalikutana hapo na mabasi, na madereva waliteremka kupigania nafasi kama watoto wanaogombea ukoko. Ndipo Johana akaletwa kukaa hapo, na sweta yake ya buluu na kaptula iliyopigwa wanga mpaka ikasimama yenyewe.

Alikuwa mtu wa Chebunyo. Alipokuwa angali anachunga ndama, lori moja lilikatika breki juu ya soko la huko, likateremka lenyewe katikati ya watu, likamvunja baba yake mguu. Mwenye lori alikuwa karani wa mtu mkubwa, basi mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo mguu wa mzee ulielekea upande mmoja na mzee mwenyewe upande mwingine. Johana alipopata sare ya polisi, alikuja na neno lake moja ambalo alimwambia kila dereva aliyejaribu kumweleza yeye ni nani na anajuana na nani.

"Kari haijui mtu," alisema.

Sisi tulisema gari, yeye alisema kari, na shitaka lilikuwa lile lile. Alimshika mhubiri aliyepanda baiskeli isiyo na kengele. Alimshika binamu yake wa damu kwa kupakia mbuzi juu ya abiria. Mume wangu Thuo naye alishikwa mara nyingi mno, hata nikafikiri labda Johana ameanza kumpenda. Thuo alikuwa dereva mzuri, lakini lori lake alilinunua kwenye mnada wa jeshi, nalo lilikuwa limepigana vita vyote likarudi bila nishani. Leo taa, kesho kioo, kesho kutwa tairi lililokwisha meno. Jioni Thuo aliingia hotelini akiwa amenuna, na mimi nilimwekea chakula na kumwambia ukweli, kwamba tairi kweli halikuwa na meno. Hakupenda ukweli huo pamoja na chakula.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Johana hakuweza kumsimamisha, naye alikuwa mama mkwe wake.

Yeyote aliyekaa na Wakipsigis wa siku zile anajua heshima ya mkwe. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakumtaja jina, hakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, alitoka njiani, akaingia kichakani na kugeuka mpaka mama apite. Na mama naye alifanya vivyo hivyo upande wake, akijifunika shuka kichwani. Walipendana, lakini walipendana kutoka mbali. Wakiwa na neno la kuambiana, walimtuma mtu wa katikati.

Mama huyo alikuwa Jerusa wa Sigor, mwanamke mdogo wa mwili, Mkristo wa kusali kwa sauti. Binti yake Chelangat, mke wa Johana, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza kule kwenye laini za nyumba za polisi Kericho, basi Jerusa alifunga safari kila Jumamosi kumpelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na unga wa wimbi. Mara ya kwanza alipanda lori la Thuo. Thuo alimweka mbele kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa kabichi, si kwa wema wowote.

Siku hiyo nilikuwa dirishani. Lori lilikuja likilia kama ng'ombe mgonjwa, taa moja imezimika. Johana alikuwa ameshainua mkono. Ghafla aliona aliyekaa mbele. Mkono ulishuka, askari akaruka mtaro, akapita mbio jikoni kwangu na kusimama nyuma ya hoteli, pua yake ikigusa ukuta. Thuo alipunguza mwendo kwa mazoea. Akangoja. Hakuna aliyekuja. Akavuka daraja taratibu, na nilimwona akigeuza kichwa kutazama nyuma kama mtu aliyeokota kitu na anaogopa mwenyewe atatokea.

"Ameenda?" Johana aliuliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Ameenda."

"Taa ya Thuo ilikuwa inawaka?"

"Wewe ndiye askari," nilimwambia.

Thuo si mjinga. Jumamosi iliyofuata aliamka alfajiri akaenda mpaka Sigor kumchukua Jerusa mlangoni, akamwekea gunia safi la kukalia. Hakumtoza nauli. Wiki ya tatu habari zilikuwa zimefika kwa madereva wengine, na vita vikaanza. Arasa, Mkisii aliyeleta ndizi, alimpa Jerusa mkungu mzima ili mara ijayo apande lori lake. Mwingine aliahidi kumbeba pamoja na mbuzi wake. Mama wa watu alianza kunenepa. Aliniambia hajapata kuona madereva wenye roho nzuri kama wa barabara hii, na kanisani Sigor aliwaombea kwa majina, Thuo akiwa wa kwanza. Nilimtazama nikameza maneno. Sikupenda, lakini jambo lenyewe lilikuwa na kicheko, na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko kutopenda kwangu.

Kila Jumamosi, basi, Johana aliutazama ukuta wangu. Mahali alipoweka paji la uso palianza kung'aa.

Mambo yalikuwa hivyo Mzungu wa samaki alipokuja. Alikuwa konsuli wa nchi moja ndogo ya Ulaya, mwenye ofisi yake Nairobi, na mbele ya gari lake kulikuwa na kibao chenye herufi CC. Alipenda kuvua samaki katika mito yetu ya baridi. Hilo halikumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba hakupenda kulowa. Akaja mpaka katikati ya daraja, akasimamisha gari, akateremsha kioo, akatoa ufito wake wa kuvulia dirishani na kutulia humo ndani, mvua ikinyesha juu ya bati la gari, yeye akivuta kiko.

Johana alimwendea, akapiga saluti. Akamwambia kari haisimami juu ya taraja. Mzungu alitabasamu, akaonyesha kibao chake. Johana alikitazama kibao, akaona hakina kasoro, akasema kibao ni kizuri lakini kari bado iko juu ya taraja. Akamshtaki. Mzungu aliipokea karatasi ya shitaka kwa furaha na kuifungia minyoo yake.

Jumatatu Johana aliitwa stesheni kwa Bwana Inspekta. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa, akaketi hotelini kwangu, jambo ambalo hakuwa akifanya akiwa kazini.

"Mama Irungu," aliniambia, "kuna watu hawashikwi."

"Watu gani?"

"Wenye CC. Anasema serikali zao zimepatana. Hata akipita juu ya mguu yangu, mimi nasema asante." Alizungusha kikombe bila kunywa. "Sasa nikamwambia Bwana Inspekta, kari haijui mtu. Akaniambia, hii inajua."

Hayo hayakuwa yote. Meneja wa shamba alikuwa amelalamika kwamba majani yanachelewa darajani, na majani yaliyochumwa yakikaa yamerundikana lorini yanapata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Inspekta alitoa amri zake moja baada ya nyingine. Johana asimguse yule konsuli, wala gari lake, wala ufito wake. Asiondoke juu ya daraja maadamu kuna msongamano. Na majani yakichelewa tena hata mara moja, atapelekwa Lodwar, kule jangwani kaskazini.

Lodwar, kwa mtu wa Chebunyo aliyeoa Sigor, ilikuwa kama kuambiwa ukaishi ndani ya jiko. Chelangat na mtoto mchanga wangebaki nyuma. Nilimwona Johana akihesabu jambo hilo kichwani, na machozi yakamlengalenga, akajifanya moshi wa kuni ndio umemwingia. Nilimwonea huruma. Pia nilimkasirikia yule Inspekta, maana ukimfunga mtu mikono yote miwili usimwambie apige makofi.

Arasa, aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake, ndiye aliyetia chumvi kwenye kidonda. "Kwani umeshangaa nini, afande? Hata wewe uko na CC yako. Inakaa mbele na kibuyu."

Johana aliweka kikombe chini akaenda zake darajani kwenye mvua.

Jumamosi ikafika. Majani ya wiki hiyo yalikuwa mengi, na malori yalianza kupanga foleni upande wangu tangu adhuhuri. Mzungu wa samaki alikuwa ameshafika. Gari lilikuwa katikati ya daraja, kichwa chake kikielekea Kericho, ufito nje, kiko mdomoni. Ng'ambo basi lilipiga honi mpaka honi ikachoka. Johana alisimama kando ya gari lile, kati ya mlango wake na ukingo wa daraja, mahali ambapo hata kuku angepita kwa ubavu, maji yakimtiririka kwenye kofia.

Alijaribu kila namna isiyo ya kugusa. Alipiga saluti. Alikohoa. Alionyesha malori kwa kidole, kisha akaonyesha mbingu.

"Samaki kidogo tu," Mzungu alimwambia kwa upole. "Moja. Halafu mimi nakwenda."

Samaki wenyewe hawakuwa na haraka. Mvuke ulianza kupanda kutoka kwenye majani, na ile harufu ikafika hotelini, harufu ya chai inayotaka kuwa chai kabla ya wakati wake. Nyapara wa shamba aliingia kwangu akatangaza kwamba akifika kiwandani atapiga simu stesheni mwenyewe. Aliongeza kwamba Lodwar kuna nge wakubwa. Nilimpa mandazi ya jana.

Wakati huo ndipo lori la Thuo lilipofika mwisho wa foleni, Jerusa akiwa mbele juu ya gunia lake safi. Alingoja kidogo. Kisha akasema mjukuu wake hawezi kungoja samaki wa mtu, akafunga kibuyu mgongoni, akateremka. Thuo alimsihi abaki, maana bila yeye lori lilikuwa uchi. Hakumsikiliza. Alipita malori yote kwa miguu, akanisalimu "chamgei" dirishani, akaingia darajani.

Mimi nilikuwa na sinia mkononi. Niliiweka chini.

Johana aligeuka akamwona. Hakika yule mtu alikuwa amebanwa. Kushoto mto, kulia gari. Akikimbilia ng'ambo, ametoroka kazini mbele ya nyapara na basi zima, na hiyo ni Lodwar. Akibaki, mama mkwe wake atapita akimkwangua kifua, na aibu ya namna hiyo haina hata kituo cha kuhamishiwa. Jerusa alikuwa amejifunika kichwa kwa mvua, anatazama mbao asiteleze, bado hajamwona.

Johana alivuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole, akafungua mlango wa gari la konsuli kwa sufi wala si kwa mkono, akaingia ndani, akajifunika uso kwa kofia.

Yaliyosemwa mle ndani nilisimuliwa na Johana, na baadaye na Mzungu mwenyewe, na masimulizi yao yalilingana.

"Wewe nafanya nini ndani ya gari yangu?" Mzungu aliuliza.

"Samahani, Bwana. Mama anakuja."

"Mama gani?"

"Mama ya bibi yangu."

Mzungu alitazama kwenye kioo. Nyuma yake alimwona mwanamke mdogo mwenye kibuyu, ambaye sasa alikuwa ameitambua ile kofia. Jerusa alisimama hapo hapo, akajivuta shuka mpaka puani, akatugeuzia uso sisi wa foleni na kulipa gari mgongo. Hakuweza kusogea mbele. Kurudi nyuma hakutaka.

"Yeye mbaya?"

"Hapana, Bwana. Ni mzuri sana."

"Sasa wewe najificha kwa nini?"

"Kwa sababu ni mzuri sana. Mimi siruhusiwi kuwa njiani kwake. Na yeye haruhusiwi kunipita. Atasimama hapo kwa mvua mpaka usiku."

"Basi wewe toka, kwenda ng'ambo."

"Bwana Inspekta amekataza mimi kutoka kwa taraja."

Mzungu alitoa kiko mdomoni. Alikuwa mtu wa mapatano ya mataifa, nadhani alikuwa ameona mafundo mengi, lakini hilo lilikuwa jipya kwake. Akauliza wanafanyaje.

"Kari ikienda, na mimi niko ndani," Johana alisema chini ya kofia, "mimi sijaondoka. Ni kari imeondoka. Na mimi sijashika kari yako, Bwana. Kari yako ndiyo imenishika."

Mzungu akatazama tena kwenye kioo. Jerusa alikuwa amesimama wima, maji yakimchuruzika, hajasogea hata unyayo. Konsuli aliniambia baadaye kwamba yeye pia alikuwa na mama mkwe, huko kwao, na kwamba mgongo ule aliutambua. Akawasha gari. Kwa haraka alisahau kuvuta uzi ndani, hivyo gari lilitoka darajani likiburuta ufito, na mwisho wa uzi kulikuwa na samaki mdogo ambaye, baada ya kungojwa alasiri nzima, alikuwa ameamua kuuma dakika ile ile.

Jerusa alivuka akiwa amejifunika vile vile, na malori yakamfuata moja baada ya jingine. Basi likafuata upande huu, abiria wakichungulia madirishani na kushangilia bila kujua wanashangilia nini. Majani yalifika kiwandani yakiwa na joto kidogo tu. Johana hakupelekwa Lodwar, wala Inspekta hakupata kujua daraja lilifunguliwa na nani. Konsuli alivuta gari lake kando ng'ambo, chini ya miti, akagundua kwamba hapo samaki ni wakubwa zaidi. Hakusimama tena darajani. Jumamosi nyingine alipunguza mwendo, akamuuliza Johana, "Mama nakuja leo?" na Johana akimjibu anakuja, alikanyaga mafuta.

Habari zilienea mpaka Sigowet. Walisema kuna mama wa Sigor anayeondoa mabalozi barabarani kwa mgongo. Kwa madereva bei ya Jerusa ilipanda. Arasa alimkuta hotelini kwangu akila ndizi, akampigia magoti kwa mzaha.

"Mama, wewe ndiye kibao chetu," akamwambia. "Bila wewe tungekuwa tumefungwa sisi wote."

Jerusa alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza kwa Kikipsigis, "Anasema nini huyu?"

Ningeweza kumpiga chenga. Lakini nilikuwa nimemeza maneno hayo kwa miezi, na yalikuwa yamenivimbia tumboni. Nilimweleza yote, kutoka gunia safi mpaka ukuta wa nyuma. Nilimwonyesha pale panapong'aa. Aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu.

"Na mimi nilikuwa nikiwaombea," alisema.

Alifunga kibuyu chake akaondoka, na sijapata kuona mgongo uliokasirika vile.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori la Thuo kama kawaida. Walipokaribia hoteli, kabla ya kona inayotokea darajani, alimwambia Thuo asimamishe. Akateremka, akapita kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye kiti cha ndani kabisa na kuipa barabara mgongo.

"Niletee chai, Mama Irungu," aliniambia. "Mwambie mume wako aendelee. Nitamfuata."

Thuo aliendelea, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na malori mengine na hakuwa na pa kugeuzia. Nilikwenda dirishani. Johana alitazama kiti cha mbele, akakiona kitupu, akakitazama tena. Kisha akakaza mkanda, akashuka katikati ya barabara na kuinua mkono. Kijasho chembamba kilimtoka mume wangu mpaka mimi nikakiona kutoka pale nilipokuwa.

Lori halikusimama. Lilikuja polepole, ni kweli, lakini liliendelea kuja, na Johana alirudi nyuma hatua baada ya hatua, mkono juu, hadi mtu mmoja wa foleni alipotupa jiwe kubwa chini ya gurudumu. Hapo ndipo liliposimama. Johana aliingia chini ya lori. Alikaa huko kiasi cha kunitia wasiwasi. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha waya wa ua. Chuma kinachovuta breki kilikuwa kimekatika siku nyingi, na mahali pake Thuo alikuwa ametia waya, nao sasa ulikuwa umekatika.

Sikujua jambo hilo. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mwanamume anayeniambia breki ni sawa, na nilikasirika. Lakini Johana hakukasirika. Alisimama akitazama ule waya, kisha akatazama kiti cha mbele na lile gunia safi lililokunjwa vizuri, na uso wake ukawa wa kijivu. Nilijua anaona soko la Chebunyo. Kila Jumamosi alikuwa ameruka mtaro na kuusujudia ukuta wangu kwa heshima, na nyuma yake heshima yote hiyo ilikuwa inashuka mteremko bila breki.

Hakumshtaki Thuo hapo hapo. Alikuja kwanza nyuma ya hoteli, mahali pake pa siku zote, na safari hii hakuweka uso ukutani. Aliweka kiganja.

"Mama Irungu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie mama lori haina breki, haiendi popote. Mwambie Chelangat anamngoja, nitamtafutia basi." Akaukunja ule waya. "Mwambie mimi nilikuwa namtolea njia. Sikujua natolea njia hata hiyo waya."

Nilimgeukia Jerusa. Alikuwa amesikia kila neno, kwani bati si kitu, lakini aliningoja nirudie lote tangu mwanzo, kama inavyotakiwa. Alikunywa chai yake. Kisha akasema na mimi, akiangalia ukuta.

"Mwambie huyo wa Chelangat kwamba amenitolea njia vya kutosha. Siku nyingine akiniona nimekaa mbele ya gari, asimame."

Nilirudia. Nyuma ya ukuta nikasikia Johana akipenga kamasi, halafu viatu vyake vikirudi barabarani. Nikachungulia dirishani. Alimshtaki mume wangu kwa breki, kwa taa, kwa kioo, na kwa tairi la akiba ambalo halikuwapo, na mimi nilimpelekea Johana chai hapo hapo alipokuwa amesimama. Thuo alikwenda Kericho kwa miguu kutafuta chuma cha breki, na jioni hiyo hakukuta chakula.